Mkuu Friedrich Mwenye Hekima wa Saxony (1463–1525), Mlinzi wa Matengenezo ya Kanisa

Kila mwaka Wakristo wa Kilutheri wanapoadhimisha Matengenezo ya Kanisa, jina la Dkt. Martin Luther hutajwa kwanza, na ni haki litajwe. Hata hivyo, mtawa yule asiye na jeshi wala mali angaliweza kunyamazishwa mapema sana, kama walivyonyamazishwa wengine kabla yake. Jan Hus wa Bohemia alikwenda katika mtaguso wa Constance akiwa na hati ya usalama ya mfalme, na bado akachomwa moto mwaka 1415. Luther hakupatwa na hayo. Alifariki kitandani mwaka 1546 katika mji wa Eisleben alikozaliwa. Miongoni mwa watu ambao Mungu aliwatumia ili iwe hivyo, wa kwanza ni mtawala wake, Mkuu Friedrich wa Tatu wa Saxony, aliyeitwa Mwenye Hekima.

Maisha ya mtu huyu yanastahili kukumbukwa kwa sababu hakuwa mhubiri, hakuandika kitabu cha mafundisho, na kwa sehemu kubwa ya maisha yake alifuata ibada zile zile ambazo Luther alizipinga. Alichofanya ni kushikilia neno moja kwa uthabiti, kwamba mtu asihukumiwe kabla ya kusikilizwa. Kwa neno hilo moja mlango ukabaki wazi, na Injili ikapita.

Kuzaliwa na kurithi utawala

Friedrich alizaliwa tarehe 17 Januari 1463 katika kasri ya Hartenfels, mjini Torgau, kando ya mto Elbe. Baba yake alikuwa Ernst, mtawala wa Saxony, na mama yake Elisabeth alitoka katika jamaa ya watawala wa Bavaria. Akiwa mwana wa kwanza alilelewa kwa ajili ya utawala, akafundishwa Kilatini, uwindaji na adabu za barazani.

Wakati huo Ujerumani haikuwa taifa moja. Ilikuwa sehemu ya Dola Takatifu ya Kirumi, yenye watawala wengi wadogo na wakubwa chini ya Kaisari mmoja. Kaisari hakurithi kiti kwa haki ya kuzaliwa tu, bali alichaguliwa na wakuu saba: maaskofu wakuu wa Mainz, Trier na Köln, mfalme wa Bohemia, na watawala wa Palatinate, Saxony na Brandenburg. Hawa waliitwa Wakuu Wachaguzi. Kura hiyo ndiyo iliyompa mtawala wa Saxony heshima kubwa katika dola yote, na ndiyo itakayoonekana baadaye kuwa ngao ya Luther.

Mwaka 1485 Ernst na ndugu yake Albrecht waligawana nchi ya Saxony. Tawi la Ernst lilipata mji wa Wittenberg pamoja na haki ya kumchagua Kaisari, na sehemu kubwa ya Thuringia. Tawi la Albrecht lilipata nchi ya Meissen na mji wa Leipzig wenye chuo kikuu chake cha zamani. Mwaka uliofuata Ernst alifariki, na Friedrich akashika utawala akiwa na umri wa miaka 23. Ndugu yake mdogo Johann, aliyezaliwa mwaka 1468, alitawala pamoja naye katika nchi zao za urithi, ingawa kura ya uchaguzi na eneo la Wittenberg vilikuwa vya Friedrich peke yake. Ndugu hao wawili walikaa kwa amani karibu miaka 40. Katika zama ambazo ndugu wa jamaa za kifalme waliuana kwa ajili ya urithi, jambo hilo lilikuwa ushuhuda wa pekee.

Mtawala wa amani

Friedrich hakuwa mtu wa haraka. Mambo aliyapima kwa muda mrefu, aliyaandika, aliyapeleka kwa washauri, kisha aliyapima tena. Wapo waliomwona kuwa mzito wa kuamua. Lakini kwa njia hiyo aliiepusha nchi yake na vita muda wote wa utawala wake, wakati majirani walipoteketeza vijiji vya wenzao kwa ugomvi wa mipaka. Fedha iliyochimbwa katika milima ya Saxony, hasa huko Schneeberg, ilimpa uwezo wa kujenga badala ya kukopa.

Katika mambo ya dola alitafuta utaratibu wa sheria na mabaraza ili nguvu za Kaisari ziwe na mipaka. Wenzake walimheshimu hata waliposhindana naye. Hakufunga ndoa, ingawa alizaa watoto nje ya ndoa. Historia ya kweli haina budi kulitaja hilo pia, kwa kuwa Mungu hakungoja kupata mtu asiye na doa ndipo amtumie.

Kazi yake iliyozaa matunda mengi kuliko zote ilikuwa chuo. Baada ya mgawanyo wa mwaka 1485, chuo kikuu cha Leipzig kilibaki kwa jamaa zake, naye hakuwa na mahali pa kuwasomesha makasisi, waganga na wanasheria wa nchi yake. Kwa hiyo mwaka 1502, kwa idhini ya Mfalme Maximilian, alianzisha chuo kikuu mjini Wittenberg. Wittenberg ulikuwa mji mdogo wa watu wapatao 2,000, na wageni waliudharau. Gombera wa kwanza wa chuo alikuwa Martin Pollich, mganga wa Mkuu, na aliyeongoza kitivo cha theolojia alikuwa Johann von Staupitz, mkuu wa watawa wa Kiagustino. Staupitz ndiye aliyemleta kijana Luther Wittenberg. Luther alipopewa shahada ya udaktari mwaka 1512, Mkuu Friedrich ndiye aliyelipa gharama zake. Mwaka 1518 alikuja pia kijana wa miaka 21, Philipp Melanchthon, kufundisha Kigiriki. Friedrich alikusudia kuupatia mji wake sifa, wala hakujua kwamba alikuwa akiandaa kiwanda cha Matengenezo.

Hazina ya masalia

Ili kuelewa uzito wa yaliyofuata, ni lazima kujua jinsi Friedrich alivyokuwa mcha Mungu kwa desturi za wakati wake. Mwaka 1493 alifunga safari ndefu kwenda Yerusalemu kuhiji, akipitia Venice na bahari. Tangu hapo alijitia kwa bidii kukusanya masalia ya watakatifu, yaani mifupa, vipande vya nguo na vitu vilivyosadikiwa kuwa viliguswa na Bwana Yesu, mitume au mashahidi wa imani. Aliagiza watu wamtafutie, alibadilishana na watawala wengine, na kila alichopata alikiweka katika vyombo vya dhahabu na fedha ndani ya Kanisa la Kasri la Wittenberg, lililowekwa wakfu kwa Watakatifu Wote. Kulikuwa na mwiba uliosemekana kuwa wa taji ya Yesu, na kidole gumba kilichosemekana kuwa cha Anna, mama yake Maria.

Mwaka 1509 ilitolewa orodha ya hazina hiyo, ikipambwa kwa picha za Lucas Cranach, mchoraji wa baraza la Mkuu. Masalia yalikuwa zaidi ya 5,000. Kufikia mwaka 1520 yalikaribia 19,000. Waliokuja kuyatazama siku zilizowekwa, wakaswali na kutoa sadaka, waliahidiwa kupunguziwa adhabu ya toharani kwa miaka ambayo jumla yake ilipita 1,900,000. Sadaka hizo zilisaidia kulitunza kanisa na chuo. Mshahara wa mwalimu na hazina ya masalia vilikuwa chini ya paa moja.

Hivyo basi, Luther alipoanza kuhubiri kwamba msamaha wa Mungu haununuliwi, hakugusa biashara ya wageni tu. Aligusa kitu ambacho mtawala wake alikipenda na alikigharimia kwa zaidi ya miaka 20. Luther mwenyewe alikumbuka baadaye kwamba mahubiri yake ya kwanza juu ya jambo hilo yalimchukiza Mkuu. Mtawala mwingine angalimfukuza mara moja.

Hoja 95

Mwaka 1517 mhubiri Johann Tetzel alizunguka akiuza hati za msamaha kwa niaba ya Askofu Mkuu Albrecht wa Mainz, wa jamaa ya Brandenburg. Albrecht alikuwa ameingia katika deni kubwa la benki ya Fugger ili kulipia cheo chake, na nusu ya mapato ilikwenda kulipa deni hilo, nusu nyingine kujenga Kanisa la Mtakatifu Petro mjini Roma. Friedrich alimkataza Tetzel kuingia katika nchi yake. Sababu zake hazikuwa za Injili peke yake, wala pengine hazikuwa za Injili kabisa. Hakutaka fedha ya raia wake itoke nje, wala mahujaji waache masalia ya Wittenberg. Tena kiti cha uaskofu mkuu wa Magdeburg, ambacho Albrecht alikikalia pia, kilikuwa cha Ernst, ndugu yake Friedrich, hadi kifo chake mwaka 1513. Lakini watu wa Wittenberg walivuka mpaka kwenda Jüterbog kununua hati hizo, wakarudi wakimwonyesha Luther, mwungamishi wao.

Tarehe 31 Oktoba 1517, mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote, Luther alimwandikia Askofu Mkuu Albrecht na kumpelekea hoja 95. Kwa mapokeo ya Kanisa, siku hiyo hiyo alizibandika katika mlango wa Kanisa la Kasri, yaani kanisa lile lile lililojaa masalia ya Mkuu. Hakumwomba Mkuu ruhusa, na Mkuu hakumwadhibu.

Kusikilizwa kabla ya kuhukumiwa

Roma ilimtaka Luther aende kujibu mashtaka huko. Safari hiyo ingekuwa ya kwenda bila kurudi. Hapo ndipo Friedrich alipoanza kazi yake ya ulinzi, na aliifanya kwa njia ya katibu na kasisi wake, Georg Spalatin. Spalatin alikuwa rafiki wa Luther na msiri wa Mkuu. Barua za Luther zilipita kwake, na majibu ya Mkuu yalirudi kwa mkono wake. Kwa mpango huo Friedrich hakuonana uso kwa uso na mwalimu wake wa chuo hata mara moja kwa mazungumzo. Hakuna siku waliyoketi pamoja. Luther alimwona kwa mbali tu, mjini Worms.

Friedrich alidai kwamba Luther asikilizwe katika nchi ya Ujerumani. Kwa ajili hiyo, Oktoba 1518 Luther alikwenda Augsburg mbele ya Kardinali Cajetan, mjumbe wa Papa. Kardinali alimtaka akane maneno yake, naye hakukana. Ndipo Cajetan akamwandikia Friedrich ampeleke mtawa huyo Roma au amfukuze nchini. Kwa muda wa wiki kadhaa mambo yalining'inia, na Luther alijiandaa kuondoka Wittenberg. Desemba mwaka huo Friedrich alijibu. Alikataa yote mawili, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amethibitisha kosa la mwalimu wake kwa hoja.

Tarehe 12 Januari 1519 Kaisari Maximilian alifariki. Ghafula kura ya Saxony ikawa kitu cha thamani. Papa Leo wa Kumi hakupenda Karl, mfalme wa Hispania, awe Kaisari, na Friedrich mwenyewe akatajwa kuwa anafaa kiti hicho. Papa alimtunukia Waridi la Dhahabu, heshima kubwa iliyopewa watawala, na mjumbe wake Karl von Miltitz akaja kwa maneno laini. Friedrich hakuitamani enzi asiyoweza kuibeba, wala hakumwuza mtu wake kwa waridi. Tarehe 28 Juni 1519 Karl wa Tano alichaguliwa. Kabla ya kupewa dola, kijana huyo wa miaka 19 aliwekewa masharti na Wachaguzi, na mojawapo lilisema kwamba asitangazwe mtu wa Ujerumani kuwa mhalifu wa dola bila kusikilizwa kwanza. Miaka miwili baadaye sharti hilo lilikuwa na jina la mtu.

Worms

Juni 1520 Papa alitoa waraka uliompa Luther siku 60 akane, la sivyo atengwe. Novemba mwaka huo Friedrich alikuwa Köln, ambako mjumbe wa Papa, Aleander, alimtaka avichome vitabu vya Luther na kumkamata. Mkuu hakujibu papo hapo. Alimwita msomi mkubwa wa zama hizo, Erasmus wa Rotterdam, akamwuliza maoni yake. Erasmus alionyesha kwamba shauri hilo lapaswa kuamuliwa na watu wenye elimu wasio na upendeleo. Jibu la Mkuu kwa mjumbe wa Papa likawa lile lile la siku zote, kwamba Luther asikilizwe kwanza. Tarehe 10 Desemba Luther aliuchoma waraka wa Papa nje ya lango la Wittenberg, na tarehe 3 Januari 1521 akatengwa rasmi na Kanisa.

Kwa kawaida aliyetengwa na Kanisa alikabidhiwa kwa dola ahukumiwe. Hata hivyo Friedrich alishikilia sharti la uchaguzi, na Kaisari akakubali kumwita Luther katika Bunge la Dola mjini Worms, kwa hati ya usalama. Luther alifika tarehe 16 Aprili 1521. Siku mbili zilizofuata alisimama mbele ya Kaisari na wakuu wa dola, akakataa kukana vitabu vyake isipokuwa ashindwe kwa Maandiko na kwa hoja zilizo wazi. Friedrich alisikiliza akiwa kimya. Baadaye aliwaambia watu wake wa karibu kwamba Daktari alisema vema, ila alikuwa na ujasiri kupita kiasi kwa macho yake. Katika maneno hayo alionekana mtu mwenyewe, aliyeguswa na kuogopa kwa wakati mmoja.

Sasa hatari ilikuwa yake pia. Kumficha mtu aliyelaaniwa na Papa na dola kungeweza kumpotezea cheo na nchi. Friedrich aliamua. Aliwaagiza washauri wake wamweke Luther mahali pa usalama, na inasimuliwa kwamba hakutaka kuambiwa mahali penyewe, ili akiulizwa aweze kujibu bila kusema uongo. Tarehe 4 Mei 1521, Luther alipokuwa njiani kurudi, wapanda farasi walitokea msituni, wakamkamata kana kwamba ni wanyang'anyi, wakampeleka usiku katika ngome ya Wartburg, juu ya mji wa Eisenach. Huko alifuga ndevu, akavaa mavazi ya askari, akaitwa Bwana Jörg. Mwezi huo huo Kaisari alitia sahihi Amri ya Worms, iliyomtangaza Luther kuwa mhalifu na kukataza vitabu vyake. Friedrich alikuwa amekwisha kuondoka Worms, na amri hiyo hakuitekeleza katika nchi yake.

Katika maficho hayo, kwa muda wa wiki 11 hivi, Luther alilitafsiri Agano Jipya kutoka Kigiriki kwa Kijerumani cha watu wa kawaida. Lilichapishwa Wittenberg Septemba 1522. Yeyote anayesoma Biblia kwa lugha aliyofundishwa na mama yake ana sehemu katika kazi hiyo, na kazi hiyo ilipata nafasi kwa sababu mtawala mmoja alikubali kubeba hatari bila kutangaza.

Mtumishi aliyerudi bila ruhusa

Luther alipokuwa mafichoni, Wittenberg uliingia machafukoni. Katika Krismasi ya mwaka 1521 Andreas Karlstadt aliadhimisha Meza ya Bwana bila mavazi ya ibada, akawapa watu mkate na divai. Baada ya muda sanamu zilivunjwa, na serikali ya dola pamoja na binamu yake Friedrich, Mkuu Georg wa Leipzig, adui mkali wa Luther, walimwonya Friedrich kwamba nchi yake inaharibika. Luther alitaka kurudi. Friedrich alimkataza, kwa kuwa hakuona njia ya kumlinda hadharani. Luther alirudi hata hivyo, mwanzoni mwa Machi 1522. Njiani alimwandikia Mkuu kwamba anarudi chini ya ulinzi ulio juu zaidi ya ule wa upanga wake, na kwamba huenda yeye ndiye atakayemlinda Mkuu kwa imani kuliko Mkuu atakavyomlinda yeye. Mtawala mwenye kiburi angaliyaona maneno hayo kuwa tusi. Friedrich aliyapokea. Alichoomba ni kwamba Luther aandike barua ya kueleza kuwa amerudi kwa hiari yake mwenyewe. Kuanzia Jumapili ya tarehe 9 Machi Luther alihubiri siku nane mfululizo, na mji ukatulia.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kuachia taratibu. Maonyesho ya masalia yalikoma. Misa za zamani ziliendelea katika Kanisa la Kasri, Luther akizipinga na Mkuu akiomba subira, mpaka zikaondolewa mwishoni mwa mwaka 1524. Friedrich hakusimama siku moja na kutangaza kwamba ameiacha hazina aliyoikusanya tangu ujana. Aliiacha ikanyamaza yenyewe, mbele ya Neno lililohubiriwa kila siku katika mji wake.

Siku za mwisho

Mwanzoni mwa mwaka 1525 wakulima wa sehemu nyingi za Ujerumani waliinuka dhidi ya mabwana zao, kwa sababu ya kodi, kazi za lazima na kunyang'anywa misitu na malisho. Moto huo ulifika Thuringia. Wakuu wengi walikusanya majeshi. Friedrich alikuwa mgonjwa katika nyumba yake ya kuwindia huko Lochau. Katikati ya mwezi wa Aprili alimwandikia ndugu yake Johann akikiri kwamba pengine maskini hao walipewa sababu ya kuasi, kwa kuwa walionewa kwa njia nyingi na watawala wa dini na wa dunia, na hasa kwa kuzuiliwa Neno la Mungu. Aliliacha jambo mikononi mwa Mungu. Katika majuma yale yale Luther mwenyewe aliandika kwa ukali akiwataka wakuu wawapige waasi. Katika shauri hili mtawala mzee alionekana mpole kuliko mwalimu wake.

Tarehe 5 Mei 1525 alijua kwamba saa yake imefika. Watumishi wake walipokusanyika, aliwaomba msamaha kwa yote aliyowakosea, akiwakiri kwamba watawala huwaumiza watu wadogo kwa njia nyingi. Kisha akaomba Meza ya Bwana, akapokea mkate na divai pia, kama Luther alivyofundisha. Ilikuwa mara ya kwanza, nayo ilikuwa ya mwisho. Spalatin alikuwapo. Luther aliitwa, lakini alikuwa safarini katika maeneo ya machafuko na hakuwahi. Friedrich alifariki siku hiyo akiwa na umri wa miaka 62. Siku kumi baadaye maelfu ya wakulima waliuawa Frankenhausen.

Mwili wake ulipelekwa Wittenberg, ukazikwa katika Kanisa la Kasri. Luther alihubiri katika mazishi, na Melanchthon alitoa hotuba kwa Kilatini. Hivyo mtu ambaye hakuzungumza na Luther katika uhai wake aliagwa kwa sauti yake.

Urithi

Ndugu yake, aliyeitwa Johann Mwaminifu, alishika utawala na kufanya waziwazi yale ambayo Friedrich aliyaacha yaote gizani. Alipanga ukaguzi wa sharika, na mwaka 1530 alitia sahihi Ungamo la Augsburg mbele ya Kaisari. Wakuu hao wawili hawapaswi kushindanishwa. Mmoja alilinda mbegu isiliwe na ndege, mwingine akaipalilia ilipochipua.

Wapo wanaouliza kama Friedrich alikuwa Mlutheri wa kweli. Maandiko yanawataja watu wa namna yake. Gamalieli alilishauri baraza liwaache mitume, asije mtu akaonekana anapigana na Mungu. Yusufu wa Arimathaya alikuwa mwanafunzi kwa siri, lakini wakati wale wa hadharani walipokimbia, yeye ndiye aliyekwenda kuuomba mwili wa Bwana. Friedrich alisimama katika safu hiyo. Imani yake ilikua polepole, naye hakuingoja ikamilike ndipo atende haki. Alimpa nafasi mtu aliyebomoa kitu alichokipenda, kwa kuwa hakuona haki ya kumfunga kinywa mtu ambaye hakushindwa kwa hoja.

Mji wa Leipzig, ambao mgawanyo wa mwaka 1485 uliupeleka kwa tawi la pili, ulibaki kinyume cha Matengenezo mpaka Mkuu Georg alipofariki mwaka 1539. Ndipo Injili ile iliyolindwa Wittenberg ikahubiriwa huko pia. Kutoka mji huo huo, karne tatu na nusu baadaye, Misioni ya Leipzig iliwatuma wajumbe wake, nao wakafika katika miteremko ya Kilimanjaro mwaka 1893. Waliotumwa hawakuwa watu wa Mkuu Friedrich, wala yeye hakupata kuwazia nchi hizi. Lakini Neno walilolibeba lilipita kwanza katika mlango ambao yeye alikataa kuufunga.

Leo katika Kanisa la Kasri la Wittenberg makaburi ya Friedrich, Luther na Melanchthon yako chini ya paa moja. Masalia 19,000 hayapo tena. Mlango wa zamani uliungua moto mwaka 1760, na mahali pake pana mlango wa shaba wenye hoja 95. Kila usharika unaohesabu miaka yake una watu wa mfano wa Mkuu huyu, ambao hawakupanda mimbarani na majina yao hayamo katika orodha ya wachungaji, lakini walisimama kimya mlangoni siku ambayo mlango ungefungwa. Kwa hao wote Kanisa linamshukuru Mungu.